Taa Niliyoiacha Ikiwaka Chini ya Bahari

Kisiwani Rusinga, Jumanne. Mawingu tangu asubuhi, na baridi ya aina ile inayokufanya uvae sweta ndani ya nyumba.

Samaki hawajarudi.

Nimeamka na hilo kichwani. Nilifungua kompyuta kabla ya chai, nikatazama sakafu ya Pasifiki, mahali ambapo kamera yetu imefungwa mwisho wa kebo ndefu inayotoka nchi kavu. Kebo hiyo hupeleka umeme chini na kuleta picha na sauti juu, hadi kwenye mtandao, hadi kwangu. Tope la kijivu. Chembe nyeupe zikidondoka polepole. Basi.

Nasomea uzamili wa viumbe vya kilindini na sijawahi kuiona bahari kwa macho yangu. Watu wakiniuliza ninafanya nini, najibu "kompyuta," na wanaridhika. Ni mama tu aliyewahi kuuliza zaidi. Siku moja aliingia na beseni lake la omena, dagaa wa ziwa letu, akasimama nyuma yangu, akamwona samaki mwenye mkia mwembamba uliochanika, yule niliyekuwa nikimwona karibu kila mara taa ya kamera ilipowashwa.

"Huyu anaitwa nani?"

Nikamwambia ana namba.

"Namba ni ya ng'ombe wa mnada. Si umesema huko ni usiku siku zote? Basi ni Atieno."

Kwetu ndivyo anavyoitwa msichana aliyezaliwa usiku. Kuanzia siku hiyo nikawa namsalimia kila ninapofungua kompyuta. Sijamwambia mtu.

Taa ile kwa kawaida huwaka dakika chache kisha huzimwa kwa saa kadhaa, ili wanyama wasisumbuliwe. Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu kuipangia ratiba. Niliomba iachwe ikiwaka wiki nzima. Niliandika sababu za kitaalamu, aya baada ya aya, lakini kwa kweli nilikuwa nikifikiri kama mtoto wa ufukweni. Hapa kwetu, usiku usio na mbalamwezi, wavuvi huwasha taa ziwani na omena hujaa chini yake. Mama naye aliposikia mpango wangu hakuwa na shaka: "Wakiona mwanga watakuja tu. Watakwenda wapi?"

Walikwenda.

Kifaa chetu kinachopima kwa mwangwi kilinionyesha walivyofanya. Kwanza walisimama pembeni, pale mwanga unapoishia, kana kwamba wanangoja mtu aondoke mlangoni. Kisha wakatoweka wote. Macho yao yameumbwa kwa ajili ya giza, nami niliwamulika wiki nzima.

Bila samaki sina tasnifu. Hilo ndilo ninalopaswa kuliogopa. Lakini kinachoniuma zaidi, na naona haya kukiandika, ni hamu ya kumwona samaki ambaye hakuwahi kujua kwamba nipo.

Leo mchana tulikuwa na mkutano mtandaoni. Wenzangu walionekana kila mmoja kwenye kidirisha chake, rafu za vitabu nyuma yao. Mimi huzima picha yangu ili bando lisiishe. Kwao mimi ni herufi mbili ndani ya duara. Msimamizi wangu alizungumza nami kwa upole, na upole huo karibu unitoe machozi. Alinipa njia mbili. Nihamie kamera nyingine, kwenye maji ya kina kifupi ambako samaki ni tele, nimalize kwa wakati. Au nibaki palepale, taa izimwe kabisa, nitegemee mwangwi na kinasa sauti, bila hakika ya kupata chochote.

Nilisema nabaki. Mtandao ulikatika katikati ya neno, ikabidi niseme tena.

Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

Wakazima taa. Mkutano ulipoisha nilibaki nikikodolea macho kioo cheusi, nikijiuliza kama nimeamua kwa ajili ya elimu au kwa sababu siwezi kuwaacha baada ya kuwafukuza. Waya, ndivyo tunavyomwita shangazi, dada yake marehemu baba, alichungulia dirishani akiwa njiani kwenda kuanua omena.

"Bado unachunga samaki wasiokaangika? Na leo hata hawaonekani! Paka wangu ana kazi kukushinda."

"Mwache mtoto," mama akamjibu kutoka uani. "Paka wako ameshika panya gani?"

Kisha mama akaingia. Akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Wamekuja?"

"Hapana, Mama. Mwanga uliwafukuza. Tulikosea."

Nilidhani atacheka, au atatoka. Alijifuta mikono kwenye leso, akavuta kigoda, akaketi.

"Sasa tunatazama nini, nyara, binti yangu?"

"Hatutazami. Tunasikiliza."

Nilimpa upande mmoja wa spika za masikioni. Tukasikia mvumo mzito, wa mbali, usiobadilika. Alisikiliza muda mrefu kuliko nilivyotarajia, hadi Waya alipomwita. Hakuuliza kama wapo. Alinirudishia spika ikiwa na harufu ya omena, akatoka.

Kesho nitakaa hapa tena. Sitawaita kwa taa.