Kijaluo Changu cha Kugombeza

Jumatatu, 5 Mei 2025
Leo sokoni Mwaloni, Kirumba, binti yangu kanifinya. Nilikuwa nachagua dagaa, nikamwambia kwa Kijaluo akae chini. Akanifinya mkono! Ongea Kiswahili mama, watu wanatuangalia. Miaka sita huyo. Kija muuza dagaa akacheka — kumbe nyie Wakenya! Mkenya wapi? Nimezaliwa Rorya, hapa hapa nchini, baba yangu kazikwa Rorya. Na mimi mjinga nikacheka naye. Hicho ndicho kinachoniuma.

Bibi yake, mama yangu, akipiga simu, mtoto anasema shikamoo bibi, basi, ananirudishia simu. Juzi mama kaniuliza: nikifa, huyu atanililia kwa lugha gani?

Sasa imetosha. Kuanzia kesho ni Kijaluo, nje, kwa sauti. Atakayeshangaa na ashangae.

Jumatano, 7 Mei
Aibu! Dukani Kiseke namwambia kwa Kijaluo achague penseli, mama mmoja akaja kunishika bega. Dada, msamehe mtoto, kakosa nini? Hajakosa kitu! Nimewaza njia nzima. Kijaluo nilichonacho ni kile mama alichotugombezea. Bed piny — kaa chini. Ling' — nyamaza. Hata penseli naisema kwa ukali.

Alhamisi, 8 Mei
Nimempigia mama. Nipe maneno laini. Akacheka mpaka akakohoa. Watoto tisa na shamba la mihogo, maneno laini ningeyatoa wapi? Halafu akanipa mawili matatu, taratibu, nikayaandika kiganjani. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Nimelia kidogo.

Baba yake, Luhaga, anasema namchanganya mtoto. Nikamuuliza: wewe na mama yako mnavyopiga Kisukuma stendi nzima ya Kisesa, nani kachanganyikiwa? Akaongeza sauti ya redio. Mume wangu bwana!

Ijumaa, 9 Mei
Nimefanya! Getini shuleni, wazazi wamejaa, naangaza macho utadhani nimeiba. Katoka na wenzake — huko wanamwita Queen, jina la ubatizo. Nikaita: Adoyo, nyathina, bi wadhi dala! Adoyo, mwanangu, njoo twende nyumbani. Taratibu, kama mama alivyonifundisha. Geti zima likageuka.

Kasimama. Machozi yanamlenga. Akapiga kelele: Ling'!

Mbele ya wazazi. Mbele ya mwalimu Hellen. Kwa sauti yote — na kwa Kijaluo! Kaninyamazisha mimi mama yake mzazi, tena kalitamka sawasawa kabisa. Nimchape au nipige vigelegele? Mwalimu akauliza, kasema nini? Nikajibu: kanisalimia.

Sasa kanuna nyuma ya mlango. Luhaga anataka aombe radhi. Ataomba, adabu ni adabu — ila si kwa Kiswahili. Nimemwekea ugali na samaki pale pale, nikamwambia bi ichiem, njoo ule. Hajajibu. Sawa. Jumatatu niko getini tena.

Ila nasikia sahani inasogea.