Sijakugusa Bado

Shoga, usinipigie. Nachapa kwa mkono wa kushoto, nivumilie.

Si unajua nilivyovunjika mkono karibu na bega, pale saluni. Operesheni ikawa ya vitundu viwili tu, wakapitisha chuma na skrubu bila kunipasua mkono mzima. Nikajua leo narudi nyumbani, mwezi ujao nasuka.

Asubuhi daktari kaja. Akasema, "Fumba macho. Nikikugusa begani, sema ndiyo."

Nami nataka ruhusa ya kwenda nyumbani. Nikafumba. Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo tena. Ya tatu nikaongezea, "Kabisa, daktari."

"Mama, sijakugusa bado."

Sijakugusa bado. Dada yangu, aliyekuja kunichukua, kaangua kicheko, na nesi naye. Nikacheka pia, nimekosa pa kuuweka uso.

Daktari akasema turudie. Nikafumba. Safari hii nikasema moyoni sidanganyi mtu. Nikangoja. Nikangoja mpaka nikamwambia, "Anza basi, daktari."

Akasema, "Nimeshamaliza."

Hapo hakuna aliyecheka. Ati mshipa wa fahamu wa bega umeumia, labda utaamka baada ya miezi. Labda. Nikamuuliza kama nitaweza kuinua mkono nisuke. Akaandika kitu kwenye faili.

Hata machozi sina, shoga. Nipo tu.

Dada yuko hapa kitandani, ameniwekea mkono kwenye bega lile, ananipapasa. Najua kwa sababu namwona.