Pamba na Pambo

Jumamosi, Bariadi. Jua kali, vumbi, upepo kidogo. Sina huzuni wala furaha.

Jumatatu mwalimu wa Kiswahili atachagua mmoja wetu aende Maswa kwenye mashindano ya kuzungumza. Kila mtu ataeleza maneno mawili yanayofanana, maana yake na asili yake. Mimi nilichagua pamba na pambo.

Natamani sana kwenda. Sijamwambia mtu.

Nilikuwa na hotuba nzuri. Ilisema pambo limezaliwa na pamba: mwenye pamba ana nguo, na mwenye nguo amependeza. Jana niliwasomea wenzangu, wakapiga makofi.

Leo asubuhi nimefungua kamusi kubwa ya maktaba. Inasema pamba, hili zao letu, ni neno la Kiajemi lililofika Pwani na wafanyabiashara. Pambo linatokana na kupamba, kitenzi cha Kibantu tangu kale. Ningepaswa kushtuka mapema, maana nyumbani kwa Kisukuma pamba tunaiita buluba.

Hayana undugu.

Mchana nilikaa na mama uani kuchambua pamba. Safi tunaweka huku, fifi kule. Fifi ni ile yenye madoa na majani makavu. Wapo wanaoificha katikati ya mzigo ili ipimwe pamoja na safi. Mama hafanyi hivyo.

Nikamweleza shida yangu. Mdogo wangu Kabula akadakia, "Kwa hiyo dada, na mbuzi ya kukunia nazi tuikamue?"

Mama alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akauliza, "Wenzako walipigia makofi hotuba ipi?"

"Ile isiyo ya kweli, mama."

Akaokota donge la fifi nililoliacha kwenye safi, akalitupa kule bila kuniangalia.

"Hii nayo ni nyeupe, mayu mwanangu, ukiitazama kwa mbali."

Akaendelea kuchambua.

Nimeifuta hotuba ya jana. Mpya ni fupi. Inasema maneno haya moja lilivuka bahari, jingine lilikuwepo bara siku zote, yakakutana midomoni mwetu yakafanana. Sioni mahali ambapo mtu atapiga makofi.

Huenda Maswa akaenda mwingine.

Hata hivyo sare nimeshaifua, na viatu nimevipaka rangi.