Jiwe Jekundu Kutoka Kasese

Kampala

Dada yangu Mwanaidi,

Naanza kwa kukuulizia wewe na miguu yako, na kifua cha Mama kama kimetulia. Mimi mwili mzima. Barua hii anakuletea jirani yangu anayekuja Mombasa kuzika. Sikutaka ipite posta, na utaona kwa nini.

Niliokuwa nikifanya nao kazi maabara wameondoka wote. Wahindi walifukuzwa. Opio alitoka kwenda kula mchana, hakurudi, na hakuna anayemtaja. Nimebaki mimi na hadubini. Kutwa natazama vipande vya mawe vilivyosagwa hadi mwanga unapenya, nijue ndani mna madini gani. Ziko siku natoka kazini sijaisikia hata sauti yangu.

Mwezi uliopita aliingia kapteni mmoja na jiwe la kumetameta, limejaa punje nyekundu.

"Wewe ndio ile mtu ya mawe? Hii ni rubi. Andika."

Rubi ndiyo yakuti, dada. Nikamwambia lazima nilikate kwanza nilitazame. Aliporudi baada ya siku chache alikuja na mzee mwenye shamba lilikotoka jiwe, huko Kasese, uso umemvimba. Siku zote hizo askari walikuwa wamemshikilia, wanamtaka aonyeshe alikoficha mengine.

Nilikuwa nimeshajua. Ilikuwa garneti, jiwe jekundu la bei ndogo, tena yenye nyufa, haifai hata kwa pete. Nilitamani niandike yakuti nipone. Lakini wangelichukua shamba, na mzee wangemuua kwa mawe asiyokuwa nayo.

"Afande, si rubi."

"Mzee hii amekupa nini?"

"Hajanipa kitu. Tazama mwenyewe."

Nikamkalisha kwenye kiti changu, mbele ya hadubini. Nikamweleza kwamba yakuti, ukiizungusha chini ya mwanga maalumu wa hadubini, huwaka na kuzimika; garneti hubaki nyeusi. Akazungusha polepole, akarudia, akarudia tena.

"Nyeusi," akasema. "Nyeusi tu."

Akavaa kofia akaenda zake. Akamwacha mzee pale pale ukumbini, kama hakuja naye.

Nilimchukua kwangu Kyebando. Kiswahili hajui, na Lukonzo mimi sijui. Nikamkanda uso kwa maji ya moto, tukala ndizi na maharage. Nilipomtandikia alinishika mkono, hakuuachia mpaka usingizi ukampitia. Tangu nije huku hakuna aliyenishika hivyo. Asubuhi nikampandisha basi la kwao.

Nikarudi kwenye nyumba tupu nina jambo kubwa la kusimulia. Kazini hakuna wa kumwambia, na mjini huwezi kujua nani anasikiliza. Basi nimekwambia wewe. Ukimaliza kusoma, itie motoni.

Nisalimie shemeji, na Shangazi Rukia aliyenishonea kanzu ya safari. Mama akiuliza, mwambie nakula vizuri, na nina watu.

Mdogo wako,
Athumani