Kandambili za Baba Ukutani

Kwangu, ghorofa ya kwanza,
Mlango wa kijani.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie hukohuko uliko. Hujambo? Kifua kinaendeleaje na hiyo baridi? Na kazini je, bado mnaingia alfajiri? Sisi huku tu wazima, ila goti langu la kushoto hunikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Mama naye hajambo. Mkono wa kulia umeanza kushika kijiko, ingawa miguu bado inagoma. Yeye hasa ndiye aliyenikalisha kuandika.

Ulipopiga simu mara ya mwisho nilikuambia ameshazoea. Nilikudanganya, mdogo wangu, nisamehe. Tangu tumlete kwangu, miezi miwili sasa, alikataa begi lake kufunguliwa. Nguo zikitoka kufuliwa, anataka zirudi humohumo. Akawa ananiuliza kwa upole, kama mgeni, tutamrudisha lini kwake, na kule hawezi kukaa peke yake hata siku moja. Nilikuwa nalia jikoni na bomba nimelifungulia, asinisikie.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimpa sebule, chumba ninachojivunia kuliko vyote. Unaujua ugonjwa wangu: wenzangu wananunua makochi, mimi kila mwaka nanunua picha moja ya maana, iliyochapwa kwenye karatasi nzito na kutiwa sahihi na aliyeipiga. Sasa ziko kumi na mbili. Iko ya mwanamke anayefuta madirisha, iko ya kiti kitupu cha kinyozi, na katikati, mahali pa heshima, ile ya kwanza uliyoipiga wewe: kizingiti cha nyumba yetu na kandambili za marehemu Baba. Zote nilizipima kwa futi, zikae usawa wa macho ya mtu aliyesimama, kama alivyonifundisha yule mama wa duka la picha. Nikamweka Mama na kiti chake cha magurudumu mbele ya picha hizo, nikasubiri afurahi. Wapi! Akawa anaangalia mlango tu. Nikajisemea basi, picha si mambo yake. Hata nilimnunia kidogo.

Jumanne iliyopita msumari wa picha yako ulilegea. Nikaishusha, nikaiegemeza ukutani pale sakafuni, nikaenda kutafuta nyundo. Kurudi, namkuta Mama amejisukuma kwa ule mkono mzima mpaka magoti yanagusa kioo. Mabega yanatikisika. Nilidhani amezidiwa, kumbe anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mzee huyu," akasema, "hata kwenye picha hajazipanga."

Unakumbuka walivyogombana miaka yote kwa kandambili zile, moja inatazama huku, nyingine imepinduka.

Nikachuchumaa kando yake, nikazitazama zile nyingine nikiwa chini kama yeye. Aibu iliyonishika siwezi kukueleza. Kutoka pale hakuna picha, ni vioo vitupu vinavyong'aa kwa mwanga wa dirisha. Miezi miwili nimemkalisha mama yetu mbele ya mng'ao, halafu nikamnunia. Na yeye, kwa kuogopa kunikera, hakusema neno.

Siku hiyohiyo nilizishusha zote mpaka usawa wa kiti chake. Ukuta umebaki na matundu kama chujio. Fundi wa fremu alipoona akaniuliza kama nimefungua shule ya chekechea. Sasa mgeni lazima akae ndipo aone, na akishakaa haondoki, maana Mama anamsimulia maisha ya yule mwanamke wa madirisha, mambo ambayo hata mpiga picha hayajui.

Juzi, bila kuombwa, akaniambia nimpe rafu mbili kabatini. Begi sasa ni tupu, nimelisukuma uvunguni.

Mjomba anakusalimu sana. Shangazi anauliza kama unakula vizuri. Kinyozi wa hapo chini naye anakusalimu, bado anashikilia kwamba kile kiti pichani ni chake. Mungu akufunike huko, akutunzie kifua chako, akuonyeshe tena mlango wetu wa kijani.

Ni mimi nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,
Dada Misumari

N.B. Kando ya picha ya Baba kuna nafasi Mama hataki niijaze. Anataka umpigie picha mlango wako wa huko, na viatu vyako hapo chini, kama unavyoviacha ukitoka kazini. Amesema nikuandikie hivihivi: "Asivipange."