Fremu Uliyoiacha Ikining'inia

Mjomba Idi,

Vumilia mwandiko huu. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, na sababu yake nitaifikia. Kwanza nikuambie walichokuwa wakisema Bunda baada ya kukuzika, maana ndicho kilichonishinda kukaa nacho kimya. Walisema umeuawa na kazi yako mwenyewe. Kwamba uliichomelea vibaya fremu ya ile pikipiki ya magurudumu manne, ukaipanda kuijaribu, ikakatika ikakutupa chini kwa kisogo. Watu wa mtaa wako wa Nyasura uliowaungia plau na baiskeli miaka yote walitikisa vichwa: "Mzee Idi alikuwa fundi, lakini umri nao."

Umri! Wewe ambaye miaka ile ya foleni za sabuni, vijiti vya kuchomelea vilipokosekana nchi nzima, ulikuwaga unayeyusha waya wa uzio na bado plau ikarudi shambani ikalima.

Nilikuwepo mashine ilipoletwa kwako. Bosi niliyekuwa karani wake aliinunua Nairobi mara tu watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, akampa mwanawe Wambura. Haikuwa ya shamba. Ilikuwa ya mashindano, nyepesi, mabomba membamba, kelele nyingi. Wambura aliirusha juu ya kichuguu njia ya Butiama, na ilipotua fremu ikapasuka chini ya injini. Alitaka upitishe moto juu ya ufa, upake rangi, basi, kwa sababu Jumapili alikuwa na wageni wa kushindana nao kwenye mchanga wa ziwa kule Musoma.

"Huko siyo kuchomelea," ulimwambia. "Ni kupaka uji."

Ukaivua mashine yote. Injini ukailaza kwenye magunia, magurudumu ukayaegemeza ukutani, fremu tupu ukaitundika kwenye ndoano ya boriti na kuigonga kwa nyundo ndogo. "Sikia, mjomba," ukaniambia, kwa kuwa uliniitaga mjomba kama mimi nilivyokuita. "Inakohoa." Ufa ulikuwa umetembea ndani ya bomba, mbali kuliko ulivyoonekana. Ukakikata kipande kibovu kwa msumeno, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko, ukaingiza bomba jembamba ndani kuwa kama mfupa, ndipo ukaunga.

Wambura alipoingia Alhamisi akakuta hali ile, alipiga teke ndoo ya maji. "Wewe mzee! Nilikuambia uchomelee, sikukuambia uchinje!"

"Mnyama wako atafufuka Jumatatu," ukamjibu, bila hata kuvua miwani yako myeusi. Mimi nilicheka. Wambura alinitazama, kicheko kikanikauka.

Ijumaa uliigonga tena baada ya kutoka msikitini. Ikalia kama kengele ya Wakatoliki. "Haya," ukasema, "padri akija kudai kengele yake mwambie nimekopa." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwako.

Jumamosi bosi alinituma Musoma. Niliporudi mchana ulikuwa umefunikwa shuka, na mkeo Mama Zuhura amekaa sakafuni hana sauti. Injini na magurudumu vilikuwa vimeshapakiwa kwenye lori la pamba na kuondoka. Vitu vya thamani walivikumbuka. Fremu waliiona chuma kitupu, wakaiacha ikining'inia pale pale ulipoitundika. Bosi mwenyewe alisimama mlangoni, kofia mkononi, akiwasimulia majirani jinsi ilivyokatika nawe. Hakuna aliyeinua macho kuitazama.

Tulikuosha kabla ya alasiri, Mzee Salumu mwosha maiti wa msikitini na mimi. Mjomba, nilikushika kichwa ili yeye amwage maji, na vidole vyangu vikazama. Kisogoni palikuwa na duara. Duara kamili, jekundu, mfupa umeingia ndani, kama mtu aliyebonyeza mdomo wa bomba kwenye udongo mbichi. Chini yake lilikuwepo la pili, nusu. Na mikono yako yote miwili ilikuwa imevunjika hapa chini ya kiwiko, mikono ya mtu aliyejikinga. Mzee Salumu alilitandazia lile duara pamba, polepole, hakunitazama.

"Tuliyoyaona hapa tunayaacha hapa, kijana," akasema. "Ni haki ya maiti."

Najua ni haki yako. Umenifundisha mwenyewe kwamba mwosha hatangazi mwili wa mtu. Kwa hiyo nilinyamaza, na nilipokuwa nimenyamaza jina lako likawa linaoza sokoni. Usinione shujaa. Nilinyamaza pia kwa woga.

Fremu mpya ilifika kutoka Nairobi ikiwa kwenye boksi, na bosi akaniita ofisini. "Ile ya zamani ikatwekatwe iuzwe chakavu. Leo." Alisema akitazama dirishani. Nilijibu ndiyo, kama nilivyojibu kila siku. Nikaenda karakana yako, nikachukua msumeno wako. Kabla ya kukata niliigonga mara moja, sijui kwa nini, labda nilitaka kukusikia. Ikalia, Mjomba. Ililia mpaka vumbi likadondoka kwenye boriti. Haikukatika. Haikupinda hata kidogo. Kipande kibovu cha bomba ulichokikata ndicho ambacho hakikuwepo popote.

Nikaishusha nikaificha chini ya kitanda cha Mama Zuhura.

Wambura alikuja kesho yake na wanaume wawili, wakanikuta uani kwako. Waliniuliza fremu iko wapi, nikasema sijui. Wakanipiga tumboni, nikaanguka, wakanipiga mgongoni. Kisha wakaniburuta mpaka kwenye jiriwa yako ya kubania vyuma, ile ile niliyokuwa nikiipaka grisi nikiwa shule ya msingi, wakaingiza vidole vya mkono wangu wa kulia, na Wambura akaanza kuzungusha.

"Karani bila vidole ataandika nini?" aliwauliza wenzake, nao wakacheka.

Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Nililia, nilijikojolea, nilimwita mama. Ningesema, Mjomba. Sitakudanganya, mdomo ulishafunguka. Ila nilizimia kwanza. Mama Zuhura ndiye aliyetoka na panga huku akipiga yowe, na Nyasura nzima ikamfuata. Ile sauti aliyoipoteza siku ya kifo chako aliipata siku hiyo.

Hospitali ya Musoma walinikata vidole viwili. Nikiwa kitandani nilimwomba muuguzi aniitie askari, nikasema yote mpaka pumzi ikaniishia. Ndipo ukafanyika uchunguzi wa kifo chako mbele ya hakimu. Fremu ililetwa. Wakili wa bosi alisema karani ana uchungu wa ndugu, siyo fundi, hajui chuma. Ni kweli, sijui. Niliomba tu itundikwe, wakaifunga kwa kamba mlangoni, nikaigonga kwa mkono wa kushoto. Chumba kizima kilisikia. Hakimu aliweka kalamu chini akasubiri mpaka ikanyamaza yenyewe.

Halafu nikasema kuhusu duara. Nilisema mbele ya watu wote nilichokiona kichwani mwako na mikononi mwako, na ninakuomba radhi, hapa, kwa maandishi. Nilikuvua shuka mbele ya wageni.

Wakili aliuliza nani mwingine aliliona. Sikumtaja Mzee Salumu, maana siri yake siyo yangu kuivunja. Nikasikia benchi likilia nyuma. Alikuwa amesimama, ameshikilia bega la mtu.

"Niliosha mimi," akasema. "Kijana hakuongeza kitu. Kapunguza."

Wambura yuko mahabusu. Shauri linapanda mahakama ya juu, na huko nitaulizwa upya. Kazi sina tena. Ninakaa Kamunyonge, huku Musoma, kwa dada, na kila pikipiki inayopita inaniangusha moyo. Jana nilijikuta uvunguni mwa kitanda. Mama Zuhura yuko salama, anauza dagaa. Wateja wameanza kumletea plau zao mlangoni wakiuliza nani atachomelea sasa. Anawaambia waziache.

Pumzika, Mjomba. Ninakuahidi mambo mawili tu, yaliyo ndani ya uwezo wa mtu mwoga. Wakiniita tena nitasema yale yale, hata nikitetemeka. Na fremu, ambayo sasa imelala stoo ya mahakama ikiwa na karatasi shingoni, nitaidai mpaka wanipe. Nitairudisha Nyasura na kuitundika kwenye ndoano ile ile. Atakayesema uliunga vibaya, nitampa nyundo.

Mjomba wako mdogo,
Hamisi