Pahala pa Hamadi Pichani

Kaka Hamadi,

Asalaam alaykum kutoka Chake Chake. Shangazi Bi Mize anakusalimu, kwa sauti ambayo siku hizi ni lazima umwinamie uisikie.

Jana mvua ilitutoa uani, nikawapiga picha jamaa wote ukumbini kwake. Nilifunga kwenye kamera lenzi ya milimita thelathini na tano, kwani ile ya ishirini na moja ni pana mno, huzivuta nyuso za pembeni. Hawakuenea pichani, na nyuma yangu ni ukuta. Nikawaomba wabanane kuliani kwa Shangazi, palipokuwa wazi. Akaweka mkono pale mkekani.

"Hapa pa Hamadi," akasema. "Asikae mtu."

Basi nikafunga ile pana. Kidirisha cha kuchungulia cha kamera hakionyeshi upana wake wote, nikapiga kwa kukisia. Faki, mwana wa Shangazi, aliyekaa pembeni, katoka na kichwa kama boga, wala hakulalamika.

Tangu ule ugomvi wa shamba umekuwa ukisema huku huna pako. Pako pamo pichani, na mkono wake umepashika. Nisalimie watoto. Na uje, kaka, mkono huo ungali na nguvu.

Nduguyo,
Time